Msumeno Sasa Anaushika Doreen

Mheshimiwa Meya wa Saltby, Bi Imogen meneja wa ukumbi wetu huu wa gatini, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi wa viti vya nyuma mliosikia kuna vinywaji vya bure:

Mimi Wilfred Astley sikusoma sana, lakini hotuba hii nimeiandika kwa mkono wangu, na neno likipinda, kosa ni la kalamu. Kwa miaka arobaini ya mazingaombwe nimemkata mwanamke vipande viwili mbele yenu, na kila jioni amerudi kwake mzima. Ni daktari gani wa mji huu anayeweza kujisifu hivyo?

Basi mwaka huu Bi Imogen akaniita ofisini, akanimiminia chai, nikajua kuna jambo. Akasema, "Mzee Wilf, siku hizi watu hawafurahii kuona mwanamke aliyevaa nguo ya kuogelea akikatwa, huku mwanamume anatania kwamba nusu ya juu inaongea sana."

Nikamwambia, "Utani huo babu yako aliucheka mpaka meno ya bandia yakamtoka."

"Babu alicheka. Bibi alikuwa ameketi pembeni yake."

Akaniambia nibadilishe onyesho, ama sanduku ninalomkatia mwanamke liende makumbusho, likae nyuma ya kioo na kibandiko cha kuonya watoto. Sanduku nililolipaka rangi mwenyewe. Nikasema sibadilishi hata msumari. Hapo Doreen Hesketh, msaidizi wangu ninayemkata tangu siku ya kwanza, aliyekuwa ameketi nasi akichovya biskuti, akasema, "Wilf, ingia wewe."

"Niingie wapi?"

"Ndani. Si unawaambia watu kazi yangu ni kulala tu? Haya, kalale."

Mimi si mtu wa kuogopa kulala. Jumamosi iliyofuata, ukumbi umejaa, nikaingia. Siri ya kazi siitoi, niseme tu kwamba sanduku lile linamtaka mtu ajikunje, na kujikunja kwangu kuliishia shingoni. Tumbo likagoma kuingia. Miguu iliyotakiwa ifichwe ikabaki inawapungia watu. Doreen akashika msumeno, akawageukia, akasema, "Nitamkata polepole. Mnajua wanaume wakipata mafua wanavyosumbua."

Nikamnong'oneza, "Doreen, nimekwama."

Akatangaza, "Anasema amekwama. Mimi nimekwama naye miaka yote hii, na hakuna aliyenipa pole."

Ukumbi ulilipuka. Wanawake wa viti vya mbele walifuta machozi, walewale waliokuwa wakinitazama miaka nenda rudi wamekunja mikono. Mimi nilidhani ni baridi ya bahari.

Wapo wanaosema Wilf amebadilika. Sikubadilika. Sanduku ni lilelile, msumeno ni uleule, na nathubutu kusema hakuna mwanamume Uingereza nzima anayekatwa vizuri kama mimi. Kwa hiyo bwana wa makumbusho, rudi na gari lako tupu. Sanduku nimemkabidhi Doreen, na jina lake ndilo litakalokuwa juu kwenye tangazo. Herufi kubwa alizichagua mwenyewe. Mimi nilikataa, hakunisikia.

Mheshimiwa Meya, zawadi ya kustaafu naipokea kwa mikono miwili, lakini nisikudanganye: nimeajiriwa upya. Bosi wangu Doreen amenipiga marufuku samaki na chipsi mpaka nienee sandukuni, na kila asubuhi ananisimamia nikijinyoosha kwenye zulia lake huku akila chipsi zake.

Kwa kunipa masikio yenu, nawashukuru wote. Jumamosi njooni mapema mnione nikikatwa. Bado sijaenea vizuri, na Doreen amekwisha kuunoa msumeno.