Mkebe Ulioandikwa Dominika

MWASITI: Haloo? Nani mwenzangu?

DOMINIKA: Haloo! Nasikika? Napiga toka Mwazye. Hapo ni Katandala, kwa marehemu Mahmud?

MWASITI: Ndipo. Mimi Mwasiti, bintiye. Shikamoo, mama.

DOMINIKA: Marahaba, mwanangu. Poleni. Taarifa za msiba zimenifikia juzi, arobaini imeshapita. Nimelia, we acha tu.

MWASITI: Tumeshapoa. Nimwambie mama nani kapiga?

DOMINIKA: Mwambie... Dominika. Haloo? Nimepanda juu ya kichuguu hapa, mtandao wa shida.

MWASITI: Nakusikia vizuri sana. Kumbe Dominika ni mtu.

DOMINIKA: Eh?

MWASITI: Tumefungua sanduku la baba. Chini kabisa, mkebe wa filamu. Juu kaandika kwa mkono wake: Dominika, Mwazye. Tangu siku hiyo mama hali, hanywi. Sasa hivi yuko uani na mafuta ya taa, anataka kuuchoma.

DOMINIKA: Yesu na Maria! Mzuie! Mkebe huo ndio nilikuwa napiga niuombe—

MWASITI: Uuombe? Wewe kama nani?

DOMINIKA: Mwanangu—

MWASITI: Mimi si mwanao. Baba na gari lake la sinema, kila kijiji alilala usiku mmoja. Mwazye siku tatu, kila safari. Unadhani mama hakuwa anahesabu?

DOMINIKA: Spika ilikuwa imekufa.

MWASITI: Nakuuliza siku tatu, unaniambia spika?

DOMINIKA: Nisikilize basi! Ililowa kwenye boti kule Kabwe, haikupona. Picha zikawa bubu. Filamu ya Kihindi, tena bubu, na wazee wetu wakati ule hata Kiswahili kilikuwa kinawapiga chenga. Baba yako akatafuta mtu wa kuisemea kwa Kifipa. Nikawa nakaa nyuma ya shuka la kuonyeshea picha, naongea. Mume mimi, mke mimi, polisi mimi, mpaka ng'ombe.

MWASITI: Kihindi ulikuwa unakijua?

DOMINIKA: Nikijulie wapi? Nilikuwa natunga! Siku ya kwanza tunaiangalia ghalani, madirisha tumeziba kwa magunia—

MWASITI: Wawili. Gizani.

DOMINIKA: Na mama yangu mzazi mlangoni, anapepeta ulezi, macho yote kwetu! Siku ya pili natunga maneno. Ya tatu ndiyo watu wanajaa.

MWASITI: Na jina lako juu ya mkebe?

DOMINIKA: Filamu nyingine zilikuwa za kuazima, zinarudi. Hiyo ilikuwa yake. Aliandika asisahau maneno yake ya Kifipa yako kwa nani. Ungemwona yule mwigizaji wa kike! Alikuwa hapigi kelele akilia. Chozi moja tu, jicho la kushoto, na ukumbi mzima kwishnei.

[mkwaruzo]

MWASITI: Umesemaje?

DOMINIKA: Kuna mahali mumewe anasafiri, yeye amesimama mlangoni, mdomo unacheza. Nikakwama. Binti mie, nijue wapi anayosema mke? Nikamuuliza baba yako. Akanipa haya: "Nenda. Kesho napika uji wa watu wawili. Ukipoa, shauri yako."

MWASITI: Rudia.

DOMINIKA: "Kesho napika uji wa watu—"

MWASITI: Hayo ya mama. Kila safari alikuwa anamwambia hivyo, hapo hapo mlangoni.

DOMINIKA: Ndiyo nakwambia. Yote aliyosema yule mwanamke kayasema mama yako. Mwazye nzima imemlilia, hata sura yake hawaijui.

MWASITI: Au baba alikuwa anamcheka huko kwenu.

DOMINIKA: Alikuwa akiyataja anafuta macho. Huko ni kucheka?

MWASITI: Ngoja. Mama kasogea, naweka sauti kubwa... Anauliza, kama ilikuwa kazi tu, mbona hakusema?

DOMINIKA: Aibu! Mwanamume mzima akiri kwamba maneno ya ndani kayapeleka kwenye sinema?

MWASITI: Ana swali jingine. Ulimpenda?

DOMINIKA: Loo, salio hilo linaniishia—

MWASITI: Usijifiche kwenye salio, mama! Ulimpenda, hukumpenda?

DOMINIKA: ...Nilimpenda. Haya, nimesema. Miaka sita aliyokuwa akija huku nilimpenda, na miaka sita hiyohiyo alinisimulia Kauthar, mama yako. Kauthar asubuhi, Kauthar jioni, mpaka nikatamani nimchukie nikashindwa. Mwambie asichome. Mle ndani yumo yeye, mimi sim—

MWASITI: Haloo? Mama Dominika? Haloo?... Imekatika. Mama, umesikia lakini?... Sasa hiyo namba unainakili ya nini?... Umpigie wewe? Utamwambia nini?... Eh! Akusimulie uliyosema yote? Tangu filamu inaanza?