Kapteni Kiguu na Njia, Aliyeikimbia Foleni

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tunayemsindikiza leo hata duniani aliingia kwa haraka. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, mtoto wa pili, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha mikate, wiki tatu kabla ya siku aliyotarajiwa. Mjomba wake ndiye aliyempandisha baiskeli mara ya kwanza, na anayebisha kwamba urubani ulianzia hapo aje waonane baada ya mazishi.

Shuleni hakumaliza muhula kwenye dawati moja. Mwalimu wa hesabu alimbandika jina la Kiguu na Njia, likamganda kuliko lile la kwenye cheti. Hata hivyo alifaulu, na mwaka 1998 akahitimu chuo cha urubani.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na shirika kubwa la ndege, lile la kofia zenye utepe wa dhahabu. Mama yake, fundi cherehani, alitamba mtaa mzima. Lakini kule ukapteni ulikuwa wa foleni: mpaka aliyekutangulia astaafu. Miaka kumi na mitatu Kiguu alikalia kiti cha kulia, cha msaidizi, na kwenye hoteli za ugenini alizunguka chumba mpaka wa ghorofa ya chini wakalalamika.

Tarehe 14 Agosti 2004 alifunga ndoa na mfamasia. Alitangulia ukumbini, akachoka kungoja, akatoka kumtafuta bibi harusi. Bibi harusi akafika, bwana hayupo!

Februari 2012 alihamia shirika la bei nafuu, ambako ndege hushusha na kupakia kama zinafukuzwa. Huko akapewa kiti cha kushoto, cha kapteni. Mama akawaka.

"Umeacha ndege yenye vitanda ukaenda kwenye ndege ya kuuziwa chai?"

"Mama, kule kitanda kilikuwepo, usingizi ndio sikuupata. Njoo siku moja nikurushe mwenyewe."

"Thubutu!"

Mama akaendelea kuwaambia majirani kwamba mwanawe yuko kulekule kwenye shirika kubwa. Kila mwaka Kiguu alimwomba apande, kila mwaka akajibiwa "mwakani", na jibu hilo lilimchoma kuliko alivyoonyesha.

Juni 2023 moyo ulianza kumsumbua, na daktari wa marubani akamnyima kibali cha kurusha ndege. Hiyo mwakani ikawa haipo tena. Nyumbani alipanga makabati upya mpaka mkewe akaitafuta chumvi siku nzima. Desemba, mama akasema mwenyewe, "Haya, nipelekeni kwenye hiyo ya kwenu." Wakapanda watatu, mama, Kiguu na mkewe, wote abiria. Miguu ya Kiguu ikawa inakanyaga breki ambazo hazipo.

"Tulia, baba," mama akamwambia. "Mwachie mwenzio kazi."

Kapteni, mwanamke mmoja aliyefundishwa kazi na Kiguu, akatangaza kwamba leo amembeba mwalimu wake. Abiria wakageuka kumtafuta. Mama akaunyanyua mkono wa mwanawe juu.

"Huyu hapa! Kapteni wa kampuni hiihii! Na mimi ndiye niliyemzaa!"

Mkewe ni shahidi: Kiguu aliegemea kiti, na mguu haukutikisika tena mpaka ndege ikatua.

Alifariki hospitalini tarehe 3 Mei 2024, baada ya kumuuliza nesi mara mbili ataruhusiwa lini.

Ameacha mama, mke, mabinti wawili, dada mkubwa, na mjomba mmoja, ndiye huyu anayewasomea, ambaye bado ana sura nzuri. Mungu ampe pumziko ambalo yeye mwenyewe hakujua kujipa.