Majani Tu

Wasikilizaji wapendwa, kisiwa chetu cha Abamakoro kilifukia chakula chake kwa mikono yake. Mashimo thelathini na moja ya babai, magimbi yetu makubwa ya majini. Na maneno yaliyoyafukia yalipitia kinywani mwa Ten Kaitira, aliyefariki Jumanne akiwa na miaka tisini na mmoja. Alikuwa mkalimani. Leo tunamkumbuka, na hatutamremba. Mwenyewe hakutaka.

Mwaka 1937 Kaitira alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mkalimani wa serikali, na kofia yake ya kazi. Meli ya mbata ikaleta afisa wa wilaya na mfanyabiashara mmoja. Mfanyabiashara alitaka minazi zaidi. Afisa alitaka mbu wapungue. Wakatazama mashimo yetu, ambamo gimbi moja hulelewa miaka kumi kwenye maji, wakaona madimbwi.

Afisa akaita watu kwenye maneaba, ukumbi wetu wa mikutano. Akamuuliza kila mwenye shimo, kupitia kwa Kaitira: shimo lako lina nini?

Mnajua tulivyo. Hakuna anayelisifia shimo lake mbele za watu. Hata liwe na babai la kubebwa na wanaume wawili, utasema si kitu.

Mzee Tiaon akajibu, "Langu? Majani tu."

Aliyefuata, "Afadhali yako, mzee. Langu hata majani hayalitaki."

Nei Botika, mama mkwe wa Kaitira, ndiye aliyevunja watu mbavu. "Huyu bwana asije kwangu, atachafua viatu bure. Kaa wenyewe wamehama kwa njaa!"

Ukumbi mzima ukacheka. Shimo lake ndilo lililokuwa bora kisiwani. Kila mtu alijua. Kaitira alijua. Akatafsiri neno kwa neno: majani tu, tope, kaa wamehama. Afisa akaandika: halitumiki. Akaandika hivyo mara thelathini na moja.

Binti wa Kaitira wa ndoa ya pili, Nei Rakera, anasema: "Nilimuuliza, baba, kwa nini hukumwambia mzungu kwamba wanatania? Akanijibu, ningeanzaje kutangaza shimo la mama mkwe wangu mbele yake? Na afisa alishanionya: tafsiri, usiongeze lako."

Meli iliyofuata ilileta amri. Fukieni mashimo, pandeni minazi. Atakayekataa atafungwa. Kaitira akaisoma kwenye maneaba. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Mkwe," akasema Nei Botika, "si ungemwambia tu nilikuwa natania?"

"Mama, wewe mwenyewe ulisema ni tope."

"Nilimwambia yeye. Sikukuambia wewe!"

Wakafukia kwa mchanga na mawe ya matumbawe, miezi miwili. Kaitira alibeba mawe pamoja nao.

Mwaka uliofuata mvua ikakatika. Miezi kumi na mitano, wasikilizaji. Miche ya minazi ikakauka. Minazi mikubwa ikapukutisha vitale. Wakati kama huo ndipo watu hula babai, na babai halikuwepo. Meli ikaja kuchukua mbata, ikakuta hakuna mbata, ikaondoka.

Nei Botika alikuwa akiwagawia watoto matunda yake ya mkadi. Mwezi wa nane wa ukame hakuinuka tena kwenye mkeka. Kaitira akamletea maji. Mama mkwe akamwambia, "Mkwe, sasa hata hayo majani ningeyala."

Mvua iliporudi, Kaitira alirudisha kofia ya serikali. Akachukua koleo, akaanza kufukua. Mashimo ya wengine kwanza, lake mwisho. Alifukua mpaka macho yalipokwisha nguvu.

Kwa Nei Rakera na jamaa wote, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Na wewe unayenisikiliza, mgeni mwenye kalamu akikuuliza una nini, weka aibu kando, umjibu.

Mashimo yaliyofukiwa, thelathini na moja. Aliyoyafukua, kumi na tisa. Yaliyorudisha maji matamu, sita. Waliokufa kwa njaa, arobaini na wanne. Wa nyumba ya Kaitira, watatu: Nei Botika, mkewe wa kwanza Nei Teraaka, na mtoto wao, ambaye hakuwa amepewa jina.