Ukimwambia Toka, Anakuja

Benchi lenyewe ni mlango. Zamani ulikuwa mlango wa stoo. Siku hizi umelazwa juu ya matofali mbele ya duka la Fundi cherehani, na kitasa chake hakikung'olewa, kwa hiyo anayechelewa ndiye anayekalia kitasa. Wenye benchi ni watatu. Yupo Fundi mwenyewe, ambaye hukaa mwisho ulio karibu na cherehani yake ili mteja akitokea asipate shida ya kumtafuta. Yupo kinyozi wa mlango wa pili, anayeitwa Wahenga kwa sababu hafungui mdomo bila kuwataja wahenga, na akiwataja huwasingizia. Na yupo fundi wa redio aitwaye Mawimbi, ambaye kila jambo la dunia hii, kuanzia mafua hadi talaka, hulieleza kwa mawimbi. Shangazi wa kahawa hahesabiwi kwenye benchi kwa kuwa ana kigoda chake, lakini bila birika lake hakuna kikao. Asubuhi hiyo Fundi alifika wa mwisho kwenye benchi lililo mlangoni pake mwenyewe, akakalia kitasa, wala hakulalamika. Hapo wenzake wakajua hali si shwari.

— Ulikwenda tena? akauliza Shangazi huku akimmiminia.

— Nilikwenda.

— Yupo?

— Yupo. Msagaji anasema analala nyuma ya mashine, chini ya magunia. Jana nimeuona mkia kwa macho yangu. Nimemwita mpaka koo limekauka. Hakutoka.

Aliyeitwa akakataa kutoka alikuwa paka. Siku tano zilizopita Fundi alimtia kapuni, akavuka reli, akaenda kumwacha kwenye mashine ya kusaga unga ambako panya hawakosekani, na benchi zima lilikuwa limempongeza kwa uamuzi wa kiume. Usiku wa kwanza alilala vizuri. Wa pili akaamka kuangalia kama dirisha liko wazi. Tangu hapo amekwenda kwenye mashine mara mbili, na mara zote mbili amerudi na unga kwenye viatu. Alikuwa anamtaka paka wake, basi, na aliona haya kulisema mbele ya watu waliomsaidia kulifunga lile kapu.

— Amenuna, akasema Wahenga. Mwache. Wahenga walisema, mvumilivu hula mbivu.

— Inaingiaje hapo? akauliza Mawimbi.

— Kavumilia miaka minne kwa Fundi, sasa anakula panya wabivu.

— Panya hawaivi.

— Wa kwenye unga wanaiva.

Fundi hakucheka. Alikuwa anatazama chini ya meza yake ya kukatia, mahali palipobaki manyoya ambayo hakuwa ameyafagia.

— Jamani, tusijisahaulishe, akasema Mawimbi. Tunamlilia paka gani? Si huyuhuyu aliyening'ata kifundo cha mguu nikipimwa suruali? Fundi karuka na futi mkononi, vipimo vikaruka naye. Mpaka leo ile suruali ina mguu wa baba na mguu wa mtoto.

— Mimi alikuwa ananivizia mlangoni, akasema Wahenga. Nikitoka na wembe, yeye anatoka na kucha. Nikasema huyu anatafuta ajira.

— Alikuwa anacheza, akasema Fundi.

— Na koti la bwana harusi, alikuwa anacheza?

Vikombe vikashushwa kwa heshima ya lile koti. Lilikuwa koti jeusi la vifungo vitatu, kazi ya wiki mbili, na paka aliuchagua mfuko wa ndani, upande wa moyo, akamalizia haja yake humo kwa utulivu. Bwana harusi alikuja kulichukua asubuhi ya siku yenyewe. Alilivaa, akajitazama kwenye kioo, akaingiza mkono mfukoni aone kina chake. Fundi alikuwa amemtazama paka juu ya kabati, paka akamtazama yeye, kisha akaendelea kujilamba mguu. Kapu lilitafutwa mchana uleule.

— Koti lilifulika, akasema Fundi.

— Lilifulika, lakini harusi ilinuka, akasema Shangazi. Mimi nilialikwa.

— Haja ndogo ni jambo la kimaumbile, akasema Mawimbi. Mimi kilichonishinda kwa yule mnyama ni ubishi. Kiumbe unamwambia toka, anakuja!

— Kila mara? akauliza Shangazi.

— Kila mara. Muulize mwenyewe.

— Kila mara, akakiri Fundi. Yuko juu ya kabati, mwambie toka, atashuka aje akukalie miguuni. Yuko uani, wala humwoni, unamfukuza kuku wa jirani, toka! Kuku anabaki, yeye anatokea na mkia juu.

— Hilo lina maelezo, akasema Mawimbi, akaweka kikombe chini kama mtu anayetaka mikono miwili. Sikio lake limefungwa nyaya kinyume. Nilishaletewa redio ya namna hiyo, ukipandisha sauti inashuka. Neno toka linaingia sikioni likiwa toka, likifika kwenye ubongo limeshageuka njoo.

— Basi na njoo ikifika inageuka toka, akadakia Shangazi.

— Ehee! Na jana Fundi kaita nini pale kwenye mashine?

— Nimemwita njoo, akasema Fundi.

— Ndiyo maana kajichimbia. Kisayansi ulikuwa unamfukuza.

— Hapana, hapana, akasema Wahenga. Yule si wa hapa. Nilimwona tangu siku ile alipoingia kwa dirisha bado mchanga, nikasema huyu si wa hapa. Kwao toka maana yake karibu. Kuna nchi ukifika mlangoni wanakwambia toka, toka, tena wanakuwekea kiti.

— Nchi gani hiyo?

— Iko mbali. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

— Maana yake?

— Maana yake iko mbali.

Shangazi akacheka mpaka akalishika birika lisianguke. Kisha naye akatoa yake, maana hakuna anayemimina kahawa kijiweni miaka yote ile akabaki bila nadharia.

— Nyie wanaume hamjui paka. Paka hajioni mpangaji, anajiona mwenye nyumba. Mpangaji ni Fundi. Akisikia toka, toka, anakimbia kuja kuangalia ni nani anayethubutu kumfukuzia mpangaji wake.

— Shangazi, hiyo sasa umezidi.

— Nimezidi? Aliyesema nyaya kinyume hakuzidi?

— Tena nilikuwa sijamaliza, akasema Mawimbi. Ile cherehani ni ya kukanyaga. Miaka minne paka analala chini yake, gurudumu linazunguka juu ya kichwa chake. Amejaa chaji. Si mnakumbuka ukimpapasa manyoya yanavyolia? Yule ameshakuwa sumaku. Sumaku ukiisukuma upande usio wake, inakurudia. Kwa hiyo Fundi hakuwa akimfukuza, alikuwa akimvuta, bila kujua, kwa mguu wake mwenyewe.

— Wahenga walilisema hilo zamani bila umeme, akadakia Wahenga. Akufukuzaye hakwambii toka. Mmeona? Anayekufukuza hasemi. Fundi alikuwa anasema, kutwa mara kumi. Paka kapiga hesabu: huyu anasema, basi hanifukuzi. Akatulia. Methali imemponza Fundi.

Wakacheka wote isipokuwa yule wa kwenye kitasa.

Wapo watu wawili tu ambao Fundi aliwahi kuwaambia neno lile ndani ya nyumba yake, ikiwa paka ni mtu. Wa kwanza alikuwa mkewe. Miaka sita iliyopita pasi iliunguza kola ya shati la mteja, maneno yakapanda, Fundi akasema toka, mara moja tu. Mkewe alikuwa msikivu. Alifunga nguo zake kwenye shuka, akatoka, na mpaka leo hajarudi kuuliza kama lile neno lilikuwa na maana. Benchi linakijua kisa hicho chote na halikigusi. Paka alipokuja baadaye, Fundi alikuwa amezoea kula peke yake akiwa amesimama, na kwa kuwa paka alikuwa anapanda kwenye kiti kilichokuwa kitupu, ikabidi na yeye akae.

— Shikamooni, ikasema sauti ya kike.

— Marahaba, wakaitikia kwa pamoja.

Alikuwa dada mgeni, mwalimu wa chekechea, aliyehamia chumba cha juu ya saluni juzi. Mkononi alikuwa na sketi yenye zipu iliyokatika.

— Samahani, Fundi ni nani hapa?

— Ni mimi. Niachie tu, mwalimu, utaipata jioni.

Mwalimu akaikabidhi sketi, lakini hakuondoka. Alikuwa amesimama pale nyuma kwa muda, na mazungumzo ya kijiweni hayana mlango.

— Na huyo paka, Fundi, umesema ulimwita hakutoka. Kwani anaitwa nani?

— Nani?

— Paka.

Fundi akafungua mdomo. Akamtazama Mawimbi, Mawimbi akamtazama Wahenga. Wahenga akamtazama Shangazi, na Shangazi akaanza kufuta vikombe ambavyo tayari vilikuwa vikavu.

— Anaitwa paka, akasema Mawimbi.

— Mimi huwa namwita yule mbishi, akasema Wahenga.

— Mimi mkorofi wa Fundi, akasema Shangazi.

— Sawa, lakini mwenyewe, nyumbani, akasema mwalimu. Mimi kazi yangu kila asubuhi ni kuita majina. Mtoto mdogo hajui kama jina ni jina. Anajua tu lile neno analoambiwa kila siku yeye peke yake, basi hilo analiitikia. Sasa huyu, Fundi, wewe kila siku ulikuwa unamwambia neno gani?

Jibu walikuwa nalo wote, walikuwa wamelichekea asubuhi nzima, na sasa kila mmoja alikuwa anasubiri mwenzake ndiye alitamke. Wahenga akavuta pumzi ya kutoa methali, akaiachia itoke bila maneno.

— Mwalimu, akasema Fundi taratibu. Siku ile ya kapu.

— Ndiyo.

— Nilimwekea kipande cha samaki ndani ya kapu. Nikamwita vizuri. Njoo, njoo, njoo baba. Sauti ambayo sijawahi kumpa hata siku moja. Akanitazama tu kutoka kwenye kiti, kama naongea na mtu mwingine. Nikasubiri, nikachoka, hasira zikanipanda. Nikamwambia toka.

Mawimbi alikuwa anatazama viatu vyake.

— Akaja mwenyewe, akasema Fundi. Aliruka kutoka kwenye kiti mkia juu, akaingia kapuni, akajikunja. Samaki hakumgusa. Alikuwa anasubiri mimi niseme ninachomwitia. Nikafunika.

— Ah, Fundi, akasema Shangazi.

— Tukakufungia na kamba, akasema Wahenga kwa sauti ndogo. Kamba ilikuwa yangu.

Fundi alijuta, na majuto yake hayakuwa ya koti wala ya kapu. Alikuwa anahesabu asubuhi zote alizoamka na uzito kifuani, macho mawili ya manjano yakimtazama, akalisema lile neno hata kabla ya kufumbua jicho la pili, na lile zigo likasogea karibu zaidi na kuanza kunguruma. Miaka minne mtu anaitwa kwa jina lake na mwenye nyumba, na kila akiitwa anaitika. Katika wote aliowahi kuwaambia toka, ni huyu mmoja tu aliyekuwa akija.

— Kahawa imekwisha, akasema Shangazi, ingawa birika lilikuwa bado linasikika lina kitu.

Fundi akainuka. Akaitundika sketi ya mwalimu mahali pa juu, kwa mazoea, pasipofikiwa na kucha. Akalichukua kapu, akaing'oa ile kamba, akamrudishia Wahenga mkononi. Hakuaga.

Kwenye mashine ya kusaga kulikuwa na foleni. Injini ilikuwa imezimwa kwa muda ili msagaji afunge mkanda, na vumbi la unga lilikuwa linatua juu ya vichwa vya watu polepole. Fundi alisimama mlangoni na kapu lake. Mara mbili zilizopita alikuwa amepaza sauti bila haya yoyote. Safari hii neno lilimkwama, kwa kuwa hakuwahi kulisema bila hasira na hakujua linasemwaje.

— Toka, akasema.

Mama mmoja aliyekuwa mbele yake na ndoo ya mahindi akageuka.

— Unaniambia mimi, baba?

— Hapana mama, nisamehe. Naita.

Yule mama akamtazama, akalitazama kapu, akasogea pembeni kumpisha. Fundi akachuchumaa chini, magoti yakalia, akainamisha kichwa mpaka akauona ule mkia mahali palepale, umetulia, nyuma ya magunia.

— Toka, akaita, taratibu, kama mtu anayeita wa kwake chakula kikiwa mezani. Toka. Toka, mwanangu, twende nyumbani.