Mama Ngazi wa Ghorofa ya Tatu

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyote mliopanda ngazi zile siku hizi tatu kuja kutufariji, familia inaomba utulivu wenu kwa muda mfupi, ili yasomwe maisha ya dada yetu, mama yetu na bibi yetu, jinsi yalivyokuwa, pamoja na pale yalipopinda, kwa kuwa yeye mwenyewe aliagiza hivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1953, mtoto wa tatu kati ya watano, baba yake akiwa mlinzi wa ghala na mama yake mshona magunia, katika nyumba ya chumba kimoja na ukumbi, ambamo kila mtu alijifunza mapema kukunja miguu ili mwenzake apite. Alianza shule ya msingi Januari 1961 akamaliza Novemba 1967, akiwa wa pili darasani kwa hesabu na wa mwisho kwa kukaa kimya, na kwa kuwa uwezo wa wazazi uliishia hapo, alibaki nyumbani akimsaidia mama yake kushona magunia mpaka alipotimiza miaka kumi na tisa.

Tarehe 1 Februari 1973 aliajiriwa katika idara ya usafi ya hospitali, akaitumikia miaka thelathini na mitano, mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2008 akiwa msimamizi wa idara hiyo, cheo alichokipata mwaka 1989. Huko ndiko alikojifunza namna ya kuosha ngazi ambayo wengi wenu mnaifahamu kwa migongo yenu: unaanza juu kabisa, unatumia kitambaa kilichokamuliwa na si ndoo ya kumwaga, na unaosha nusu moja ya kila kidato, upande wa ukutani kwanza, ukikauka ndipo uoshe upande wa chuma cha kushikia, ili mgonjwa, mzee au mwenye mzigo asikose hata dakika moja mahali pakavu pa kukanyaga. Aliwaambia waliokuwa chini yake kwamba sakafu inayong'aa huku mtu amevunjika nyonga si usafi, ni mtego.

Hospitalini hapohapo alikutana na fundi bomba aliyekuja kuwa mume wake, na wazee wa idara wanakumbuka kwamba bomba la chumba cha usafi lilikuwa likivuja kila Jumanne, likitengenezwa na kuvuja tena, mpaka msimamizi akauliza mbele ya watu kwa nini linachagua siku za zamu ya binti huyu tu, na fundi akajibu, "Mkuu, hata mimi limenishinda, nafikiri linataka nipose kwanza." Walifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1976, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1977, ambaye sasa ni mwalimu katika mji mwingine, na kitinda mimba wa kiume aliyezaliwa mwaka 1984, karani wa ofisi ya bima, na hadi anafariki marehemu alikuwa na wajukuu watano. Mume wake alitangulia mbele ya haki tarehe 2 Oktoba 2001.

Familia ilihamia ghorofa ya tatu ya jengo lile tarehe 4 Novemba 1983, wakati ambapo kaya nane zilikuwa zikitumia ngazi moja na hakuna aliyeiona kuwa yake, taka zikishuka zenyewe kutoka ghorofa hadi ghorofa, na marehemu, baada ya kuvumilia mwezi mzima, aligonga milango yote akapanga kwamba kila Jumamosi saa mbili asubuhi ngazi zioshwe kuanzia ghorofa ya nne kushuka chini, kila ghorofa na vidato vyake, nusu kwa nusu. Wengine walimcheka, mmoja akamwita Mama Ngazi kwa kejeli, jina likamkaa, na baada ya muda hata watoto wake walikuwa wakiulizwa shuleni, "Eti nyie ndio wa Mama Ngazi?"

Sasa tunafika mahali ambapo marehemu alituonya tusiruke. Mwezi Mei 2011, mifuko ya taka ilianza kuonekana Jumatatu jioni kwenye kona zinapogeuka ngazi kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, na kwa kuwa ghorofa ya nne alikuwa amehamia dereva wa lori, mtu wa sauti kubwa na viatu vizito, aliyewahi kumwaga ndoo nzima ya maji Jumamosi yake ya kwanza na kuwalowesha watu mpaka chini, marehemu hakuona haja ya kuchunguza. Alimsimamisha pale ngazini mbele ya majirani, akamwambia kwamba amezoea kulala barabarani ndiyo maana hajui nyumba ni nini, na dereva akamjibu kwa upole ambao haukutarajiwa, "Mama, taka zangu nazijua, hizi si zangu," marehemu akamalizia, "Basi zimepanda zenyewe, zina miguu." Tangu siku hiyo hakumsalimia, wala mke wake, na akawa kila Jumatatu anaushusha mfuko ule mwenyewe bila kuufungua, akihakikisha viatu vyake vinasikika. Januari 2012 mke wa dereva alijifungua mtoto wa kike, majirani wa ghorofa zote wakapanda kumpongeza, marehemu akaingia kwake akafunga mlango.

Hali hiyo ilidumu miaka miwili na miezi minne, mpaka Jumatatu ya tarehe 16 Septemba 2013, mfuko ulipompasukia mkononi akiushusha, na juu ya maganda na makaratasi ikaanguka bahasha ya dawa ya presha yenye jina lake mwenyewe, kwa mwandiko wa muuza dawa wake. Mifuko ile ilikuwa ya nyumba yake. Kitinda mimba, aliyekuwa akikabidhiwa taka kila Jumatatu asubuhi azipeleke pipani, alikuwa akichelewa kazini na kuogopa kuchafua tai, basi huuweka mfuko vidato vichache juu, mahali ambapo mama akifungua mlango hauoni, kwa nia ya kuushusha jioni, na jioni haukuti, akaamini jengo lina mfagiaji. Marehemu alikaa kwenye kidato kilekile, akakaa sana, na jirani wa ghorofa ya pili aliyempita akadhani presha imepanda.

Jioni hiyohiyo aligonga mlango wa ghorofa ya nne, dereva akamkaribisha ndani, marehemu akakataa, akasema alimsema mbele ya watu na radhi haiwezi kuombwa jikoni, hivyo amsubiri mpaka Jumamosi. Tarehe 21 Septemba, kaya zote zikiwa na ndoo mkononi, alisimama akaeleza jambo lote bila kujipunguzia, akataja na siku ya kuzaliwa kwa mtoto ambayo hakupanda, akasema hiyo haina namna ya kurudishwa. Dereva akasema, "Mimi nilishasamehe, mama, ila kwa leo tu, naomba nimwage ndoo nzima." Kicheko kilifika barabarani. Kitinda mimba, kwa amri ya mama yake, aliosha ngazi zote peke yake Jumamosi nne mfululizo, akiwa amevaa tai.

Tarehe 11 Februari 2021 marehemu alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza, akalazwa siku kumi na tisa, na alipotoka madaktari waliagiza afanye mazoezi ya viungo kliniki mara tatu kwa wiki, la sivyo asitegemee kusimama tena. Binti yake alikuja na gari, akiwa amemwandalia chumba cha chini katika nyumba yake, na ilikuwa ni busara, maana vidato hamsini na nne haviwezi kushukwa na mtu wa mguu mmoja. Marehemu, ambaye ulimi wake ulikuwa mzito, alishika kitasa cha mlango kwa mkono wa kushoto, akasema neno kwa neno kwamba yeye si kabati, na kwamba kama ni kufa atafia humu alimozikia uchungu wa mume wake. Binti alimpa wiki moja, ipatikane njia au waondoke.

Siku ya tatu dereva alishuka na kiti imara na mikanda ya kufungia mizigo ya lori lake, akamfunga mke wake kwanza na kumshusha kwa majaribio, akamshusha kitinda mimba pia, kisha akabandika orodha mlangoni: Jumatatu yeye na mwalimu wa ghorofa ya pili, Jumatano kitinda mimba na fundi viatu wa ghorofa ya kwanza, Ijumaa yeyote aliye nyumbani, na wanaopanda wasubiri kwenye kona. Binti alisoma orodha ile mara mbili, akarudi mjini kwake peke yake.

Hivyo ndivyo alivyoshuka na kupanda kwa miaka minne, akiwakosoa wabebaji wake vidato vyote, na Juni 2022 aliweza kusimama kwa fimbo jikoni kwake. Ilitokea mara kadhaa akakosa kliniki kwa sababu ya pikipiki inayoegeshwa chini, mbele ya kidato cha kwanza, na mwenye pikipiki, tunayemshukuru kwa kufika, ameombwa kwa miaka minne, anaombwa tena leo.

Mwishoni mwa Januari mwaka huu figo zilianza kushindwa, madaktari wakaeleza ukweli kwa upole, naye akachagua kubaki nyumbani. Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, saa nne asubuhi, kitandani kwake, ghorofa ya tatu, watoto wake wote wawili wakiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka sabini na moja na miezi tisa kasoro siku tatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wahudumu wa kliniki ya viungo waliovumilia kuelekezwa namna ya kupiga deki, wafanyakazi wenzake wa idara ya usafi, na kaya zote za jengo lile, mliochukua mtu kwa mikono yenu wakati sheria haikuwalazimisha na udugu wa damu haukuwepo. Kwako dereva na mke wako, na kwa binti yenu ambaye sasa ana miaka kumi na mitatu, familia inapokea lile deni la siku ambayo hakupanda, na tutapanda sisi.

Mama, ulitaka kubaki nyumbani, na ulibaki. Sasa lala, upumzike kwa amani.