Mpaka Uliochipua Mururu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliokaa kwenye mabenchi, asifiwe na wale waliosimama mlangoni kwa kukosa nafasi! Mimi nilikuja hapa Kigoma mgeni, na mmenipokea mpaka nimesahau kuhesabu miaka. Leo nimeomba dakika chache niseme jinsi Mungu alivyonitoa kwenye aibu na kumwachia mjane nyumba yake. Tena alitumia kitu ambacho wengi wenu mnakitilia shaka: bima. Naona mnacheka. Chekeni, hata mimi nilicheka.

Nilizaliwa Kalima, kwenye machimbo ya madini ya bati, ndani kabisa Kongo. Baba yangu alikuwa Mnyarwanda aliyekwenda kutafuta kazi akasahau kurudi. Nilisoma sekondari Kindu, kisha nikajifunza kupima ardhi kwa kufuatana na mpimaji wa machimbo, nikimvutia mnyororo wa kupimia porini. Vita vilipotufikia tuliondoka kwa miguu. Tulipita msitu wa Shabunda tukila mihogo mibichi na uyoga ambao hakuna aliyejua jina lake. Viatu vyangu vilikufa njiani. Nyuma yangu niliacha treni ya Kindu, mto Lualaba, na mama mmoja aliyekaanga ndizi kituoni ambazo sijapata kula tena mfano wake. Hata leo nikisikia gitaa la kule redioni, moyo wangu unaanza kufunga mizigo.

Tukashuka milima ya Walungu, tukaiona Bukavu, na ng'ambo ya mto Rusizi tukaiona Cyangugu, nchi ya baba yangu niliyoijua kwa masimulizi tu. Nilivuka daraja bila kitu mkononi isipokuwa utepe wa kupimia. Bwana asifiwe!

Kamembe ni mji wa huko Cyangugu, juu ya Ziwa Kivu, na Waislamu wa pale, mafundi na wafanyabiashara, wanazungumza Kiswahili, kwa hiyo sikupotea. Nilipata kazi kwa Papa Ezekieli, Mnyarwanda aliyekulia Kongo kama mimi, mlokole wa kweli. Alikuwa na ofisi ndogo ya kupima viwanja na kuchora ramani za nyumba. Yeye alichora, mimi nilipima. Nchi ilikuwa imetoka kwenye msiba usiosemeka. Watu walikuwa wakirudi kila wiki, na kila aliyerudi aliuliza jambo moja: shamba letu linaanzia wapi?

Mmoja wa waliokuja ofisini ni Maman Beata, mjane wa Mururu, mlimani karibu na mji. Alikuwa amekusanya yatima na kuwalea, akataka kuwajengea nyumba ya matofali. Nikaenda kupima. Sasa, ndugu zangu, kwetu kule mpaka wa shamba ni ua wa miyenzi, ule mti wenye maziwa meupe, ambao hapa pia mnao. Mkulima wa Rwanda akiuona mstari wa miyenzi haulizi tena. Mpaka huo! Nami nikaukuta mstari wa miyenzi, umenyooka, umeshiba, unanizidi kimo. Majirani wa upande ule walikuwa hawajarudi kutoka Kongo. Nikapima kufuata miyenzi, Papa Ezekieli akachora, tukatia sahihi. Maman Beata akajenga. Nyumba nzuri, ndugu zangu! Watoto walikuwa wakiimba uani kila asubuhi hata wapita njia wakasimama.

Ofisi yetu ilikuwa na bima moja, ile ya dhima ya jumla. Dhima ni wajibu wa kujibu madhara uliyomletea mwingine. Tulijua bima ile inafanya kazi, maana mteja mmoja mnene, mfanyabiashara wa sokoni, aliteleza kwenye ngazi yetu iliyokuwa imetoka kuoshwa kwa sabuni, akavunjika mkono. Bima ikalipa hospitali, na yule bwana akatutangaza mji mzima. Basi Papa Ezekieli akaona amemaliza. Ana bima, na bima ni bima.

Aliyekuwa akituuzia bima ni Maman Zaina, Mwislamu wa Kamembe, wakala wa kampuni moja yenye makao Kigali. Mwanamke wa maneno! Akaanza kuja ofisini kila mara, akikalia kiti cha wateja na kukataa kuondoka, akituhubiria asiransi, maana ndivyo bima inavyoitwa kule.

"Papa Ezekieli, kuko asiransi ingine unahitaji. Ya dhima ya kitaalamu."

"Maman, asiransi niko nayo. Hukuona ile ya mkono wa yule Papa wa soko?"

"Ile ilikuwa ngazi! Ngazi haikusoma. Weye ndiye ulisoma. Siku masomo yako itateleza, nani atalipa?"

"Miye sikosei, Maman. Tunapima mara mbili."

"Aa! Basi Mungu amepata jirani."

Nilicheka mpaka kalamu ikaniponyoka. Lakini neno lake lilikuwa wazi, nami nawapa kama alivyotupa. Mtu akianguka ofisini kwako, au ngazi yako ikivunja pikipiki yake, hiyo ni bima ya jumla. Mtu akiumia kwa sababu aliamini ushauri wako, mchoro wako, kipimo chako, hiyo ni bima ya kitaalamu. Ya kwanza haifanyi kazi ya ya pili, hata uipigie magoti.

Mwishowe Papa Ezekieli alikubali, kama mzazi anavyomnunulia mtoto karanga ili anyamaze. Maman Zaina naye hakutosheka. Akadai bima ile ishike pia kazi zote tulizofanya tangu ofisi ifunguliwe.

"Za zamani za nini tena?" Papa akalia.

"Mistari mumechora jana, Papa. Malalamiko itakuya kesho."

Mwaka ukapita. Hakuna aliyelalamika. Papa Ezekieli akasema tunalisha ng'ombe asiyetoa maziwa, akaandika barua ya kuacha ile bima ya pili, akanipa nimpelekee Maman Zaina. Mwaka wa bima ulikuwa karibu kuisha.

Nikaenda kwake. Wakaniambia amevuka kwenda Bukavu, kwenye harusi ya mpwa wake. Nikarudi kesho yake, na kesho yake tena. Mara tukasikia milio ya bunduki ng'ambo, na mpaka wa nchi ukafungwa! Askari darajani, hapiti mtu wala kuku. Maman Zaina akanaswa kule na nguo zake za harusi. Barua ikabaki mfukoni mwangu, na tarehe ya bima ikapita.

Katika siku hizo hizo, ndugu zangu, Mzee Kalisti akarudi.

Mzee Kalisti ndiye aliyekuwa jirani wa Maman Beata kabla ya vita. Alikuwa amekaa Kongo, akizunguka kambi hadi kambi, na sasa serikali ilikuwa imemrudisha nyumbani kupitia mpaka mwingine, mbali kule kaskazini. Alipanda Mururu, akaiona nyumba ya matofali, akakaa chini kwenye majani. Kisha akaja ofisini na wazee wa mlima, akaniuliza mbele yao wote:

"Nani alikuambia ile ni mpaka?"

"Mzee, kuna miyenzi."

"Miyenzi! Ile ni fito ya vibanda! Bantu balikimbilia pale wakati wa vita, bakakata miyenzi ya mpaka wangu, bakajengea vibanda. Bakaenda. Fito ikaota. Na weye, muntu wa masomo, ukapima vibanda?"

Wazee wakatikisa vichwa. Walikuwa wamekumbuka. Tukapanda nao mlimani, tukachimba chini ya migomba, mbele na nyuma ya nyumba, na visiki vya mpaka wa kweli vikatokea kimoja kimoja. Mpaka ulikuwa umekatwa, ukabebwa, ukachomekwa mahali pengine, na mvua ya Mungu ikauchipusha! Nusu ya nyumba ya Maman Beata ilikuwa kwenye shamba la Mzee Kalisti.

Mzee akasema anataka ardhi yake. Nani angemlaumu? Hakuwa amebakiwa na kingine. Lakini nyumba ikibomolewa nusu, ni nyumba gani tena? Maman Beata hakunitukana, na hilo ndilo liliniumiza. Aliniuliza tu, "Samweli, batoto nitabaweka wapi?" Mjini wakaanza kusema ofisi yetu inauza ardhi za watu. Maneno ya ardhi, katika nchi ile, katika wakati ule, si maneno ya mchezo.

Papa Ezekieli akaruka. "Tuko na asiransi!" Tukaisoma ile ya kwanza. Inazungumza juu ya mtu aliyeumia na kitu kilichoharibika kwa ajali. Kazi yetu yenyewe, vipimo na michoro, imeachwa nje waziwazi. Na ya pili tuliiona imekufa, maana mwaka wake ulikuwa umekwisha. Papa akakaa, akashika kichwa. Kuuza ofisi, meza, darubini na nyumba yake mwenyewe kusingetosha. Mimi sikuwa na cha kuuza. Niliwaza kuondoka, naungama mbele zenu. Miguu yangu inajua njia. Lakini kila nikiinuka naisikia sauti ya Maman Beata. Nikapiga magoti pale pale kati ya zile ramani, nikasema: Bwana, mimi sina neno, sema wewe.

Mpaka wa nchi ukafunguliwa. Wa kwanza kuvuka walikuwa wachuuzi wa samaki, na nyuma yao Maman Zaina, bado na hina mikononi. Nikamkimbilia darajani, nikamweleza yote nikihema.

"Ngoja," akasema. "Nani ameanguka?"

"Hakuna."

"Nini imevunjika?"

"Hakuna, Maman."

"Basi ile ya ngazi iache ilale. Lete ile ya pili."

"Ya pili imekufa. Mwaka umekwisha."

"Imekufa? Nani aliizika?"

Nikatoa barua mfukoni, imelowa jasho. "Nilikuwa nakuletea hii. Tulitaka kuacha."

"Umenipa?"

"Hukuwapo."

"Basi usinipe!" Akaangua kicheko, watu wa darajani wote wakageuka. Akanieleza kwamba bima ile, usipotoa taarifa ya kuiacha kabla ya mwisho wa mwaka, inaendelea yenyewe mwaka mwingine, nawe unadaiwa ada yake. Ilikuwa hai wakati wote tulipokuwa tunailia matanga! Na kwa sababu inahesabu siku ya malalamiko, si siku ya kosa, na kazi zetu za zamani zilikuwa zimeingizwa, mstari wangu wa Mururu ulikuwa ndani yake. Haleluya! Ndugu zangu, Mungu alifunga mpaka wa nchi mbili ili barua moja isifike!

Tukalipa ada asubuhi hiyo hiyo. Maman Zaina akatuonya tusimwahidi Mzee Kalisti lolote kwa vinywa vyetu mpaka watu wa kampuni waje. Wakaja kutoka Kigali, wakapima, wakaona visiki, wakawasikiliza wazee. Wakakubali: hili ni kosa la utaalamu, na kampuni itabeba. Wakapendekeza kumlipa Mzee thamani ya kile kipande ili nyumba isiguswe.

Lakini ilibaki Mzee mwenyewe akubali! Tulikaa kwenye majani, Maman Beata ameinamisha kichwa. Mzee Kalisti akamwelekezea fimbo yake. Kisha akauliza, "Hiyo feza inatoka kwa huyu Maman?"

"Hapana, Mzee," nikajibu. "Inatoka kwa kampuni."

"Kama ingetoka kwake, nisingeigusa. Namna gani nitakula feza ya yatima, na banaimba hapa kila asubuhi? Lakini kama ni ya bale bakubwa ba asiransi, leteni. Hiyo itashuka muzuri."

Maman Beata akapiga vigelegele, na watoto wakatoka mbio bila kujua wanashangilia nini. Mzee wa watu alipata haki yake bila kumtoa mwenzake machozi. Ndipo nikaelewa kwa nini Mungu alitaka kitu hiki, bima, kiwepo. Na huyo huyo Mzee, alipotaka kujenga, alikuja ofisini akanitaka mimi! "Samweli apime. Lakini mara hii aulize bantu kwanza, miti nyuma."

Wako wanaosema bima ni kukosa imani. Mimi niliomba kwa imani yote, na jibu likaja na hina mikononi. Ndugu yangu, mwamini Bwana! Na kama una ofisi ya ushauri, ya hesabu, ya ramani, mwamini ukiwa na macho wazi: uliza bima yako inafunika ngazi au inafunika masomo. Asante, Yesu, kwa zote mbili!

Nilikaa Kamembe muda mzuri baada ya hapo, lakini mnanijua, sikuumbwa kukaa. Ilipofika siku ya kuondoka moja kwa moja, nilimuuliza Papa Ezekieli itakuwaje mstari wangu mwingine ukija kulalamikiwa nikiwa mbali. Akanishika bega. "Mistari yako inabaki hapa, na asiransi tutailipa kila mwaka. Nenda na amani, mwanangu."

Nilipanda lori la saruji lililokuwa likirudi tupu kiwandani Muganza, nikaelekea Burundi, kisha huku kwenu. Lilipopita chini ya Mururu dereva akapunguza mwendo. Mabati ya nyumba yaling'aa, na Maman Beata alikuwa ameshuka barabarani na watoto wake wote, na Mzee Kalisti kati yao na fimbo yake juu. Kila mahali nilipowahi kuondoka nilitazama nyuma nione nani ananifuata. Siku hiyo nilitazama nyuma kwa sababu walikuwa bado wananipungia mikono, nami sikutaka kuacha kuwapungia.