Umeme Uliopita Chemchemini

Mgeni rasmi, Meneja wa Utafiti wa kampuni ya madini, kelele ulizozikuta ukishuka garini si vigelegele. Ni majirani wawili, Mama Tupokigwe na Mzee Asajile.

"Ndoo yangu kavu kwa sababu yako. Nani aliwafyekea hao wa kampuni migomba mpaka chemchemini?"

"Na wewe uliyewapikia je, mama? Ulikuwa unaimba kushinda kwaya."

Hawajamaliza, tumewaomba wapumue kwanza. Karibu Lufingo.

HISTORIA

Mwaka jana, soko huria likiwa limetuletea wageni wa kila namna, vijana wenu walifika na nyaya na vigingi vya chuma. Wakasema, "Tunapitisha umeme." Nani akatae umeme? Tulifyeka migomba yetu wenyewe. Mzee Asajile akanunua balbu kabisa. Mtaalamu wenu, bwana Prosper, akatazama mashine yake pale Chemchemi ya Chini, akatangaza, "Hapa unapita vizuri mno." Tukashangilia. Kumbe mnaupitisha ardhini, mnatafuta madini.

MAFANIKIO

Balbu ipo.

CHANGAMOTO

Mkachimba. Likatoka tope, maji yakazama shimoni, hayakurudi. Ndipo bwana Prosper anatuambia kwamba umeme hupita kirahisi penye madini au penye udongo uliolowa. Mgeni rasmi, hiyo "au" ilikuwa wapi siku mnachimba? Mliificha mfukoni? Kigingi chenu mlikichomeka katikati ya foleni ya ndoo, mkaona dhahabu.

MAOMBI

Leo umekuja kuzindua uchimbaji wa Chemchemi ya Juu, eti huko umeme unapita vizuri zaidi. Hiyo ndiyo iliyobaki. Kwa hiyo hatubembelezi: shimo la chini mlifukie, na Juu hamchimbi. Kibali mnacho, tumekiona. Lakini siku ya mashine mtatukuta tumekaa pale pale, Mama Tupokigwe na Mzee Asajile bega kwa bega, wakiendelea kugombana.

Mungu akulinde barabarani, na masikio akuongezee. Ni sisi, Wachota Maji wa Chemchemi ya Juu, Lufingo.

Hata hivyo kwetu mgeni haondoki na njaa, hata tukiwa tumemkasirikia. Mama Tupokigwe ameshaivisha ndizi na maharage. Ingia ndani, baba, ule. Maji ya kunawa yametoka huko huko Juu, uyatumie taratibu.